Homa ya Kujikunja na Mtungi wa Maji

Mwezi huu tuongee juu ya homa ambayo jina lake lilitoka huku kwetu kusini likaenea dunia nzima.

Daktari kijana aliye mafunzoni hulikuta jina chikungunya katika vitabu vya Kiingereza, kwenye sura ya magonjwa ya virusi, pamoja na denge na homa ya manjano. Kumbe si Kiingereza wala Kilatini. Ni Kimakonde, na maana yake ni kile kinachomkunja mtu, kwa kuwa mgonjwa huinama, viungo vimekaza, hata kunyoosha mgongo ni shida.

Ugonjwa huu ulienea mwaka 1952 na 1953 katika vijiji vya uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Daktari Marion Robinson aliandika dalili zake: homa ya ghafla, maumivu makali ya viungo, na vipele. Ulifanana mno na denge. Ndipo watafiti wa Entebbe, Uganda, wakaingia kazini. R. W. Ross alipata kirusi kipya katika damu ya wagonjwa na katika mbu, naye W. H. R. Lumsden akachunguza namna ugonjwa ulivyoenea. Taarifa zao zilichapishwa mwaka 1955 na 1956.

Sisi tunaipenda zaidi kazi ya Lumsden, maana inagusa nyumba zetu. Uwanda ule ni mkavu. Akina mama walishuka mabondeni kuteka maji, wakapanda na mzigo kichwani, hivyo maji yaliwekwa ndani siku nyingi. Mbu aitwaye Aedes akazaliana humo humo. Tusimlaumu mama aliyetunza maji, angefanyaje?

Mbu huyu huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza. Kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi, na mtoto anayelala mchana alale ndani yake pia. Hutaga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi. Kumwaga maji tu ni kazi bure. Kila wiki sugua mtungi au pipa kwa ndani, kwa brashi au makumbi ya nazi, suuza, kisha funika barabara. Kila wiki, kwa sababu yai huweza kuwa mbu kwa muda wa siku saba hadi kumi hivi. Vifuu, makopo na matairi yanayoshika maji ya mvua yaondolewe uani.

Mgonjwa je? Apimwe malaria kwanza. Isipoonekana, asimeze dawa za malaria kwa kubahatisha. Apumzike, anywe maji mengi, apewe parasetamoli. Aspirini na diklofenaki asipewe mpaka ijulikane kuwa si denge, iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, kwani denge huweza kuleta kutokwa damu. Akitokwa damu, akitapika mfululizo au tumbo likiuma sana, apelekwe hospitali upesi. Mjamzito aliyekaribia kujifungua asikae nyumbani na homa. Katika mlipuko wa kisiwa cha Réunion mwaka 2005 na 2006 madaktari waliona kuwa mama mwenye virusi hivi wakati wa kujifungua huweza kumwambukiza mtoto, naye akaugua vibaya. Kunyonyesha kuendelee.

Wengi homa huwaacha kwa wiki moja hivi, lakini maumivu ya viungo huweza kubaki kwa miezi, na kwa wengine hata mwaka na zaidi. Hapo ndipo ndoa huingia majaribuni. Mama hawezi kushika mchi alfajiri, mkwe anasema ni mvivu, jirani anataja uchawi. Si uvivu wala uchawi. Baba mwenye nyumba naye asomewe ukurasa huu, na kwa miezi hiyo ndoo ya maji ibebwe na mwenye viungo vizima, awe mume au mtoto wa kiume.