Rungwe nao ni uwanja wa michezo

UKITAJA kupanda mlima, akili za wengi wetu zinakimbilia Kilimanjaro. Sawa, mita 5,895 si mchezo. Lakini Nyanda za Juu Kusini nazo zimejaliwa. Mbeya kuna Loleza, uliosimama juu ya jiji, na Rungwe, wenye karibu mita 3,000. Iringa kuna Luhombero, ndani kabisa ya misitu ya Udzungwa, unaozidi mita 2,500.

Tatizo ni kupanda kienyeji: bila mwenyeji wa kuongoza njia, bila koti, tena jua limeshapanda. Ukungu ukishuka Rungwe, hata mwenzako aliye mbele humwoni, na mvua zikianza njia yote ni utelezi. Hapo mzaha umekwisha.

Tunawashauri maofisa michezo wa mikoa hii wakae na wahifadhi na wanavijiji. Njia ziwekewe alama, vijana wa huko wafundishwe huduma ya kwanza, na kila kundi liandikishwe kabla ya kupanda. Kisha shule na klabu za mbio zialikwe wakati wa kiangazi.

Uwanja tunao tayari. Tusisubiri mtu apotee ndipo tuanze kuitana vikaoni.