Mwacha Asili ni Mtumwa

Wahenga walinena, mwacha asili ni mtumwa. Katika milima ya Kisii na Nyamira, wazee wa Abagusii husimulia kwamba mababu zao walitoka Misiri, wakapita Mlima Elgon, Kisumu, Kano na Kabianga, ndipo wakakwea huko waliko leo. Wanahistoria wengi hawakubali kuwa ndiyo Misri ya Mto Nili. Lakini jina limedumu vinywani, nalo ni urithi.

Aliyepitia chuoni atawakumbuka papo hapo Bani Israili, waliotolewa Misri na Nabii Musa. Nao hawakusahau kwao. Warumi walilibomoa hekalu lao la Baitul Maqdis mwaka 70, na hata leo Mayahudi huelekea huko wasalipo. Mwaka 1903 Waingereza walitaka kuwapa Uasin Gishu, hapa hapa Kenya, na wenyeji wake hawakuulizwa. Mwaka 1905 mkutano wa Wazayuni ulikataa. Ardhi ilikuwa na rutuba, lakini moyo ulikuwa kwingine.

Basi kukumbuka asili si kosa. Kosa ni kuigeuza hati ya kumfukuza uliyemkuta. Wapalestina nao wana makaburi ya babu zao kule. Nasi tunalo funzo letu: mwaka 2008 mpaka wa Borabu na Sotik uliwaka moto, jirani akamfukuza jirani. Mgusii angerudi wapi, Misiri?

Sisi wa pwani, tunaojinasibu na Shungwaya na Shirazi, tusicheke. Asili tuienzi, jirani tumstahi.