Ukishakabidhi ofisi, utakuwa nani?

Semina za wastaafu watarajiwa hufundisha mambo ya maana: hesabu za kiinua mgongo, mbinu za kuwakwepa matapeli, ufugaji wa kuku, kilimo cha parachichi. Nilihudhuria ya kwangu na daftari mkononi. Swali ambalo baadaye lilitusumbua wengi kuliko la fedha halikuulizwa: ukishakabidhi ofisi, wewe utakuwa nani?

Mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na akifika 60 ni lazima. Tarehe unaijua tangu unaajiriwa, na bado inakuja kama msiba. Ninaye rafiki tuliyesoma naye chuo cha ualimu, naye alistaafu akiwa mkuu wa shule. Kila asubuhi huchomekea shati, akakaa barazani. Kwa kiinua mgongo chake walifungua duka la madaftari, mkewe akamwomba alishike. Alikataa, maana wazazi aliokuwa akiwaita ofisini wangemkuta akihesabu chenji. Duka limefungwa. Simlaumu peke yake. Sisi majirani mpaka leo tunamwita Mkuu, halafu tunashangaa kwa nini hawezi kuwa mtu mwingine.

Mimi nilikwenda Keko, kwa mafundi samani. Kijana anayenifundisha ni rika la kitinda mimba wangu. Namwita fundi, naye ananiita mzee wangu, ila heshima hiyo haimzuii kunirekebisha: “Mzee wangu, unapiga randa kinyume cha nyuzi, ndiyo maana ubao unachimbika. Ugeuze.” Nageuza. Kutoboa tundu la kuingizia ulimi kwenye mguu wa meza ni kazi ya mkono na sikio. Patasi unaishika wima, unagonga kwa nyundo ya mbao, na mlio ukibadilika ujue umekaribia ng’ambo. Hapo unageuza mguu umalizie upande wa pili, la sivyo mninga wa watu utachanika. Nilipokuwa kazini nilitoa maelekezo mchana kutwa. Sasa nayapokea, na nakiri kwa furaha kwamba akili yangu imechangamka kuliko miaka yangu ya mwisho ofisini. Ualimu haujanitoka. Kilichonitoka ni ile haja ya kuwa wa kwanza kujua.

Kizazi chetu tulikariri shuleni kwamba cheo ni dhamana, tukaelewa ni onyo dhidi ya rushwa. Sawa kabisa. Lakini Nyerere aliyatenda maneno hayo kwa upana zaidi. Mwaka 1955 aliacha kufundisha Pugu akaingia kwenye siasa moja kwa moja. Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru, aliacha uwaziri mkuu akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama. Mwaka 1985 aling’atuka urais akarudi Butiama, na uzeeni akabeba usuluhishi wa mgogoro wa Burundi hadi alipofariki mwaka 1999. Watu humsifu kwa unyenyekevu. Mimi naona na ujasiri wa mtu anayejua kwamba akiacha kiti hajiachi mwenyewe.

Ugumu wa kujitenganisha na cheo tunaupanda mapema, na hapa nasema kama mtu wa shule. Mtoto wa kidato cha pili anaambiwa yeye si wa hesabu, naye anaamini. Akifika kidato cha tano anajitambulisha kwa herufi tatu: mimi ni HGL, mimi ni PCB. Mchepuo ni wa miaka miwili tu, lakini nimewaona watu wazima wakikataa kugusa kompyuta ofisini kwa sababu “mambo ya sayansi si yangu.” Walimu tunaobaki na wanaokuja tuache kuwapa watoto majibu ya swali ambalo watalijibu mara nyingi maishani.

Ninachotaka serikalini ni hiki: semina zianze mtumishi akiwa na miaka 50, na pamoja na afisa wa mfuko wa pensheni aitwe mstaafu aliyeanza kazi ngeni, asimulie wiki zake za kwanza zilikuwaje. Watumishi wahimizwe kutumia likizo kujifunza ujuzi mwingine wangali na nguvu na mshahara.

Nyumbani nako kuna kazi. Mwanangu aliponikuta na vumbi la mbao kichwani alisikitika. “Baba, pumzika. Watu watasema hatukutunzi,” akaahidi kunitumia fedha kila mwezi. Nilimshukuru kwa dhati, maana moyo wake ni mwema. Kisha nikamwandikia vitu ambavyo fedha hiyo inaweza kununua: randa, patasi ya nusu inchi na ya robo tatu, na jiliwa ya kufunga mezani.