Wangeweza Kufika, Lakini Je, Walifika?

Katika somo la mantiki tunafundishwa mapema kanuni ya Kilatini: a posse ad esse non valet consequentia. Jambo kuwezekana si uthibitisho kwamba lilitokea. Tunaikariri, tunaijibia mtihani, kisha tunaisahau pale mmoja wetu anapoleta mezani habari kwamba Wafoinike, mabaharia wa Tiro na Sidoni, walifika Amerika karne nyingi kabla ya Christopher Columbus. Mjadala huo ulitupozea maharage jioni moja.

Tukiri kwanza linalostahili kukiriwa: wangeweza. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme kinasimulia jinsi Hiramu, mfalme wa Tiro, alivyompa Solomoni mabaharia wazoefu wa kwenda Ofiri kuleta dhahabu. Herodotus naye anaandika kwamba mfalme Neko wa Misri aliwatuma Wafoinike waizunguke Afrika kutokea Bahari ya Shamu. Walikuwa wakishuka pwani kulima na kuvuna, kisha wanasonga mbele, na mwaka wa tatu wakaingia Mediteranea kwa mlango wa Gibraltar. Waliporudi walisema kwamba katika kuzunguka huko jua lilikuwa upande wao wa kulia. Herodotus alikataa kuliamini hilo, na ndilo hasa linalotushawishi sisi: mtu aliye kusini kabisa mwa Afrika, akielekea magharibi, jua la adhuhuri huwa kaskazini kwake, yaani kulia. Kama safari hiyo ilikuwa ya kweli, merikebu zao zilipita mbele ya pwani yetu.

Na Atlantiki? Mwaka 1970 Thor Heyerdahl wa Norwei na wenzake waliondoka Safi, Moroko, kwa chombo cha mafunjo kilichoitwa Ra II, wakafika Barbados baada ya siku 57. Chombo cha kwanza, mwaka 1969, kiliwaharibikia njiani. Upepo na mkondo wa bahari upande ule husukuma chombo kwenda magharibi, na merikebu ya mbao ya Tiro ilikuwa imara kuliko mafunjo.

Basi posse tunayo. Esse iko wapi?

Waviking walivuka bahari hiyo kaskazini, na hatubishani juu yao, kwa sababu waliacha kitu. Huko L'Anse aux Meadows, Newfoundland, kulichimbuliwa misingi ya nyumba zao na mabaki ya kufulia chuma, na miti waliyoikata imepimwa ikaonyesha mwaka 1021. Walikaa muda mfupi tu, lakini walionekana. Wafoinike walikuwa wafanyabiashara; popote walipofika katika Mediteranea waliacha vyungu, makaburi na maandishi. Ng'ambo ya Atlantiki hakuna. Tena mfanyabiashara hurudi na mzigo. Mahindi na mihogo asili yake ni Amerika, na huku Afrika vilifika baada ya Columbus. Kama Wafoinike wangekuwa wakienda na kurudi, huenda ugali wetu wa mahindi ungekuwa mzee kuliko Injili.

Wapo wanaotaja jiwe la Paraíba, Brazili. Mwaka 1872 ililetwa nakala ya maandishi ya Kifoinike yaliyodaiwa kuchongwa huko. Jiwe lenyewe halikuonekana kamwe. Ladislau Netto, mkurugenzi wa makumbusho ya taifa, aliyaamini kwanza, halafu akakiri kwamba ni ya kughushi. Mwaka 1968 Cyrus Gordon aliyatetea upya, na Frank Moore Cross, bingwa wa maandishi ya kale ya Kisemiti, akamkatalia.

Mtu atauliza: kuna ubaya gani kuamini? Katika karne ya 16 Benito Arias Montano, padre na mwanazuoni wa Maandiko, alifundisha kwamba Ofiri ndiyo Peru. Hilo tunaweza kulicheka kidogo, maana alisoma Biblia akiwa na ramani mpya mkononi. Lakini kuna kosa la aina hiyo ambalo sisi Waafrika hatuwezi kulicheka. Mwaka 1891 Theodore Bent alichimba kwenye kuta za Zimbabwe Kuu, akatangaza kwamba ni kazi ya wageni wa kale kutoka Arabuni, na wengine baada yake wakawataja Wafoinike haohao. Wangeweza kufika, wakasema, basi walijenga. Mwafrika aliyeishi palepale hakuhesabiwa. David Randall-MacIver mwaka 1905, kisha Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, walichimba wakaonyesha kwamba wajenzi walikuwa Waafrika wenyewe. Hata hivyo serikali ya walowezi wa Rhodesia iliendelea kuipendelea hadithi ya wageni, kwa sababu ilikuwa na faida kwake.

Wenyeji wa Amerika nao wana mahekalu na miji ya mawe waliyoijenga kwa mikono yao. Kila tunapomleta baharia wa Tiro kuwaeleza bila ushahidi, tunawatendea kama Bent alivyotutendea sisi. Nchi yenye zile kuta ilipopata uhuru mwaka 1980, ilijiita kwa jina la mawe hayo.