Kahuzi-Biega: Batwa wameshinda kesi, msitu unageuka makala

Batwa wa Kivu Kusini wana uamuzi mkononi, lakini msitu wanaoudai si ule waliotolewa na wazazi wao.

Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza kwamba serikali ya Kongo ilikiuka haki zao ilipowafukuza kutoka Mbuga ya Taifa ya Kahuzi-Biega, karibu na Bukavu. Iliitaka iwarudishie ardhi, iwalipe fidia na iwaombe radhi hadharani.

Mbuga hiyo iliundwa mwaka 1970 na kupanuliwa 1975 hadi hekta 600,000 hivi, hasa kwa ajili ya gorila. Waliochora mipaka waliuona msitu kama pori lisilo na mwenyewe. Haikuwa hivyo. Batwa waliwinda humo, walirina asali, walichuma dawa, wakahamisha kambi kabla mahali hapajachoka. Gorila waliotafutiwa ulinzi walikutwa hai katika msitu wenye watu! Msitu nao ndio uliokuwa shule yao ya miti na nyuki. Walipotolewa hawakupewa mashamba. Wengi wakawa vibarua kwa majirani huko Kabare na Kalehe.

Oktoba 2018 baadhi yao walirudi bila kusubiri ruhusa. Yakafuata mapigano na walinzi wa mbuga, watu wakauawa, na miti mingi ikakatwa kwa mbao na makala. Kuna wanaosema huo ni ushahidi kwamba Batwa hawawezi tena kuutunza msitu.

Hoja hiyo inaacha nusu ya habari. Makala hayo hayaishii kambini. Yanaishia kwenye majiko ya Bukavu, mji ambao umeme wake haueleweki. Kati ya mkataji na mpishi wapo wafanyabiashara na watu wenye bunduki. Familia iliyokaa miaka 40 na zaidi bila ardhi ndiyo rahisi kukodiwa kushika shoka, tena kwa malipo madogo kuliko wote.

Sheria ya kulinda watu wa asili ipo tangu Julai 2022. Anayekosekana ni wa kuitekeleza: uamuzi wa Tume unaielekea Kinshasa, na Bukavu iliangukia mikononi mwa M23 Februari 2025.