MAONI YA MWALIMU: Usiandike "Ukataji Miti" Kabla ya Kusoma Swali

Ndugu mtahiniwa,

Katika kila rundo la karatasi ninalosahihisha kuna jibu moja ambalo silikosi. Swali likiuliza kwa nini mvua zimepungua, jibu ni ukataji miti. Likiuliza kwa nini samaki wamekufa bwawani, ukataji miti. Likiuliza kwa nini mto umejaa tope, ukataji miti, na hapo mtahiniwa anabahatika kupata alama. Suluhisho nalo ni lile lile: serikali itoe elimu na wananchi wapande miti. Anayejibu hivi mara nyingi si mvivu. Ni mwanafunzi aliyefundishwa, na sisi walimu ndio tuliomfundisha, kwamba maswali ya mazingira yana majibu ya kubeba mfukoni.

Maoni yangu ni kwamba swali la mazingira ni swali la sayansi kama lilivyo swali la umeme au la asidi na besi. Linapima kama unaweza kuangalia ushahidi, kuweka maelezo mawili au matatu mezani, na kusema lipi linasimama na kwa nini. Anayejibu kwa kukariri anapoteza alama Novemba. Akiendelea kufikiri hivyo baada ya shule, anaweza kupoteza vitu vikubwa kuliko alama. Nalisema hili kwa sababu limenitokea mimi, mwalimu.

Sifuri niliyoitoa kimakosa

Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa nafundisha Biolojia katika shule moja ya Nyanda za Juu Kusini. Katika jaribio la mwisho wa muhula niliuliza: kijito kilicho karibu na kijiji kimepungua maji, eleza sababu. Mwongozo wa kusahihisha niliuandika mwenyewe. Ulikuwa na hoja nne, na ya kwanza ilikuwa ukataji miti.

Mwanafunzi mmoja aliandika tofauti. Kwa Kiingereza chake cha kuungaunga alisema kwamba kijito cha kwao kilianza kupungua baada ya mikaratusi kupandwa kandokando yake na kukua. Akaongeza kwamba upande wa pili wa kilima kuna kijito kingine ambacho hakikupandiwa mikaratusi, na hicho kinatiririka mwaka mzima, ingawa mvua inayonyesha ni ile ile.

Nilimpa sifuri. Kesho yake alikuja ofisini na karatasi mkononi.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba kujua nimekosea wapi."

"Marahaba. Umeandika kwamba miti imepunguza maji. Miti inaleta maji, haipunguzi."

"Lakini mwalimu, mimi huwa nachota maji pale."

Nilimwambia akasome upya daftari lake. Miezi michache baadaye klabu ya mazingira ya shule, mimi nikiwa mlezi wake, ilikwenda kupanda miche kando ya kile kijito cha pili. Miche ilikuwa ya mikaratusi, kwa sababu ndiyo iliyopatikana kwa wingi na kwa bei nafuu. Tulipiga picha na tukaimba. Miaka iliyofuata, kiangazi kikifika, wanafunzi walianza kurudi kisimani na ndoo nusu.

Je, ni mikaratusi yetu iliyopunguza maji? Siwezi kuapa. Sikupima kijito kabla ya kupanda wala sikuweka kumbukumbu za mvua. Nilikuwa na hakika kiasi kwamba sikuona haja ya kupima, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Alichokifanya binti yule

Tuliangalie jibu lake kama wanasayansi. Alikuwa na vijito viwili. Mvua ni moja, kilima ni kimoja, na tofauti aliyoiona ni mikaratusi. Bila kujua jina lake, alifanya ulinganisho wa kisayansi: alitafuta mahali ambapo mambo mengine yanafanana ili aone athari ya jambo moja. Pia alitaja mfuatano wa wakati, kwamba miti ilikua kwanza, kisha maji yakapungua.

Je, alithibitisha? Hapana. Pengine juu ya kijito cha kwanza palikuwa na bustani zinazomwagiliwa. Pengine kijito cha pili kilikuwa na chemchemi kubwa zaidi tangu zamani. Vijito viwili ni vichache. Lakini hoja isiyokamilika yenye ushahidi ina thamani kuliko hoja kamili iliyonakiliwa. Nilipaswa kumpa alama, kisha nimuulize: ungepima nini ili uwe na hakika zaidi?

Na sayansi ilikuwa upande wake. Mikaratusi ina asili ya Australia. Inakua haraka, na mti unaokua haraka unahitaji maji mengi. Mizizi huyanyonya ardhini nayo majani huyaachia hewani kama mvuke. Haina maana kwamba mkaratusi ni adui, kwani unatupa nguzo, mbao na kuni. Maana yake ni kwamba mahali pake si kwenye chemchemi. Msitu wa asili husaidia maji ya mvua kuzama ardhini na huzuia udongo usisombwe, lakini kila mti nao unakunywa. Kwa hiyo "miti inaleta maji" ni nusu ya maelezo. Nusu nyingine ni maswali: miti gani, mahali gani, mingi kiasi gani?

Wengi mmekariri kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60. Ni vizuri kuijua. Lakini jiulize ni nini hutokea ndani ya mita hizo 60 hata sheria ikatungwa. Ukiweza kueleza hilo, umeielewa ekolojia na sheria kwa pamoja.

Chura wa Kihansi

Kama ningepewa kutunga swali moja la kupima fikra, ningechukua habari ya chura wa Kihansi. Chura huyu ni mdogo, hazidi sentimita 3, na hazai kwa kutaga mayai bali huzaa vitoto vilivyokwisha kuwa na umbo la chura. Aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la Mto Kihansi, Milima ya Udzungwa, na hajapatikana kwa asili mahali pengine popote duniani. Aliishi kwenye eneo la takriban hekta 2 tu, lililolowanishwa mchana na usiku na manyunyu ya maporomoko ya maji.

Kisha bwawa la umeme likajengwa. Mtambo wa Kihansi una uwezo wa megawati 180, na kufikia mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji ya mto, karibu asilimia 90, ilikuwa imeelekezwa kwenye mtambo. Manyunyu yakapungua. Mabomba ya kunyunyizia maji yakawekwa korongoni kuchukua nafasi ya manyunyu ya asili, na idadi ya vyura ikapanda tena hadi kufikia maelfu katikati ya 2003. Halafu, ndani ya miezi michache, wakatoweka karibu wote. Januari 2004 waliohesabika walikuwa wachache kuliko vidole vya mkono. Mwaka 2009 chura huyu akatangazwa kuwa ametoweka katika mazingira yake ya asili.

Nani alaumiwe? Mtahiniwa wa kukariri atajibu upesi: bwawa. Lakini mwaka ule wa 2003 yalitokea mambo matatu karibu kwa wakati mmoja. Mfumo wa kunyunyizia maji ulipata hitilafu wakati wa kiangazi. Bwawa lilifunguliwa kwa muda mfupi kutoa tope, na tope hilo lilikuwa na mabaki ya dawa za kuua wadudu kutoka mashamba ya juu. Na vyura waliokufa walikutwa na ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi, ugonjwa ambao umeua vyura katika nchi nyingi duniani.

Hapa ndipo fikra inapoanza kupimwa. Kama chanzo ni ukavu, ungetarajia vitu vingine vinavyopenda unyevu, kama kuvumwani na mimea midogo ya miambani, navyo vidhoofike. Kama ni dawa, ungetarajia wadudu wafe pia, tena mara tu baada ya tope kupita, na sumu ionekane ukipima maji na udongo. Kama ni kuvu, ungetarajia dalili kwenye ngozi za vyura, huku wadudu na mimea vikiendelea salama. Kila maelezo yanatabiri jambo tofauti, na kwa tofauti hiyo unajua ukapime nini.

Inawezekana pia mambo haya yalisaidiana: mnyama aliyedhoofishwa na jambo moja huwa rahisi kuangushwa na lingine. Hilo nalo ni jibu zuri, mradi uonyeshe namna yanavyosaidiana. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na kila mkulima anajua kwamba si kila wingu lina mvua. Mambo mawili kutokea pamoja ni dalili, bado si uthibitisho.

Habari hii haikuishia kaburini. Mwishoni mwa 2000, kabla mambo hayajaharibika kabisa, vyura wapatao 500 walipelekwa kwenye bustani za wanyama nchini Marekani. Walizaana huko, wengine wakarejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni. Kwa hiyo swali la chanzo halikuwa la darasani tu. Kurudisha vyura bila kujua kilichowaua wenzao kungekuwa sawa na kupanda mikaratusi kijitoni kwa nyimbo.

"Lakini mwalimu, msahihishaji ana mwongozo"

Najua utasema hivyo, na una haki. Msahihishaji ana mwongozo na karatasi nyingi za kumaliza. Sikushauri uache kusoma wala udharau hoja za kitabuni. Huwezi kufikiri kuhusu mkaratusi kama hujui kazi ya mizizi na majani, wala kuhusu chura kama hujui kazi ya ngozi yake. Kukariri ni kuweka chakula ghalani. Ninachopinga ni kumpelekea mgeni gunia la mahindi mabichi na kumwambia karibu ule.

Kwa hiyo, kwenye swali lolote la mazingira, fanya mambo manne. Kwanza, soma ulichopewa: jedwali, grafu au habari fupi, na utaje takwimu zake ndani ya jibu lako. Pili, andika sababu pamoja na njia yake. Badala ya "ukataji miti husababisha tope mtoni", andika kwamba miti ikikatwa, matone hugonga udongo ulio wazi, mizizi haipo kuushika, na maji yanayotiririka huusomba hadi mtoni. Tatu, taja maelezo mengine yanayowezekana na useme kwa nini ushahidi uliopewa unayaunga mkono au unayakataa. Nne, suluhisho lifuate sababu. Kama umesema samaki wamekufa kwa dawa za shambani, usimalizie kwa kupanda miti tu. Sema kitu kuhusu dawa.

Na jambo la lugha. Mtihani wa sayansi utauandika kwa Kiingereza, lakini hakuna sheria inayokukataza kufikiri kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani kwenu. Unapojisomea, mweleze mwenzako hoja yako kwa lugha mnayoielewa. Ikisimama, ndipo mtafute maneno ya Kiingereza ya kuibeba. Binti yule hakushindwa kufikiri kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa kibovu. Ni mimi, niliyekuwa na Kiingereza kizuri, niliyeshindwa kumsoma.

Wenzangu walimu nao wana deni. Tukiendelea kutunga maswali ya "taja sababu tano", tutaendelea kupata majibu ya mfukoni. Tuwape wanafunzi hali ambayo hawajawahi kuiona, kisha tuwape alama kwa hatua za hoja, hata pale wanapofika tofauti na tulivyotarajia.

Jipime

Katika bwawa la kwanza samaki wamekutwa wamekufa alfajiri. Maji yake ni ya kijani kwa wingi wa mwani. Shamba la mahindi lililo juu yake liliwekwa mbolea mwezi uliopita na kupigwa dawa ya wadudu siku tatu kabla, kisha mvua kubwa ikanyesha. Bwawa la pili, lililo karibu na lisilo na shamba juu yake, halijapoteza samaki.

(a) Toa maelezo mawili tofauti ya vifo hivyo, ukionyesha njia ya kila moja.
(b) Taja kipimo kimoja ambacho kingekusaidia kuchagua kati yake.
(c) Ni matokeo gani yangekufanya uyaache maelezo yako ya kwanza?

Kipengele (c) ndicho kigumu, nacho ndicho ninachokuomba ukae nacho muda mrefu zaidi. Mimi sikujiuliza siku ile tulipokwenda kupanda miche.