Wezi wa Mizani na Wezi wa Daftari



Wako watu wasemao kwamba mali ya kazini haina mwenyewe. Karani akichota katika sanduku la chama, husema amejilipa posho. Mwenye duka akiuza bila risiti, husema ameikwepa Serikali. Mwajiri akikata fedha katika mshahara wa kijana kisha akazitia mfukoni, husema biashara ni ngumu. Sisi twasema hao wote ni wezi, tena ni ndugu wa tumbo moja, na leo hatutawafunika shuka.

Tuanze na pamba, maana ndiko wazee wetu walikofumbuka macho. Katika vijiji vya Bunda na Musoma, kama katika Jimbo zima la Ziwa wakati ule, mkulima alipeleka pamba yake kwa mnunuzi, na mnunuzi huyo huyo ndiye aliyepima, ndiye aliyesoma mizani, ndiye aliyelipa. Wakulima wengi hawakuweza kusoma mshale, na aliyeweza aliambiwa anyamaze au arudi na mzigo wake nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walichoka. Walijiunga, wakaweka wapimaji wao wenyewe kando ya mizani ya mnunuzi. Hapo vikainuka vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation chini ya Paul Bomani, mzaliwa wa Musoma, ambaye mwaka 1962 alikabidhiwa Wizara ya Fedha ya Tanganyika huru.

Watu hupenda kuikomesha hadithi hii hapo, wakapiga makofi. Sisi twaendelea. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati maalumu kuchunguza vyama vya ushirika, kwa sababu wakulima walikuwa wakilalamika tena, na safari hii mlalamikiwa hakuwa mgeni mwenye kiwanda cha kuchambulia pamba. Alikuwa mtu wa chama chao wenyewe. Mwaka 1967 Serikali ilitwaa uendeshaji wa Victoria Federation. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchi nzima, na havikupata njia ya kurudi mpaka sheria ya mwaka 1982.

Wapo waliotumia habari hiyo kusema Mwafrika hawezi kushika fedha. Huo ni upuuzi wa kikoloni na hatupotezi wino kuujibu. Jambo ni moja: palipo na mpimaji, mwandishi na mlipaji katika mtu mmoja, pataibiwa, awe mtu huyo mgeni, au awe mjomba wetu aliyezaliwa Nyamuswa na kuimba kwaya.

Sisi tuliosomea ualimu hatuachi kushika chaki, basi fanyeni hesabu pamoja nasi. Tuseme kila mfuko umepunjwa kilo 3. Mkulima ana mifuko 12, amekwisha kupoteza kilo 36. Kijiji kina wakulima 400: hizo ni kilo 14,400. Tuseme kilo ni shilingi 1,000. Shilingi milioni 14 na laki 4 zimepotea katika msimu mmoja, na hakuna aliyesikia mlango ukivunjwa! Ndiyo maana mwizi wa mizani huheshimika kijijini, akapewa kiti cha mbele harusini, wakati mwizi wa kuku hupigwa mawe.

Mwaka 2018 Serikali iliagiza pamba iuzwe kupitia vyama vya msingi, yaani AMCOS. Vema. Lakini chama ni jina tu kama wanachama hawaujui ufunguo wa sanduku lao. Twataka kila mizani iwe na alama ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huo, na mkulima asione haya kuiuliza. Twataka anayepima asiandike, anayeandika asishike fedha. Twataka stakabadhi ziwe na namba zinazofuatana, ili iliyochanwa ijulikane. Na karani alazimishwe kwenda likizo kila mwaka, kazi yake ishikwe na mwingine. Watu hucheka tukisema hivi. Nao wajiulize kwa nini yuko karani asiyeumwa, asiyezika, asiyekwenda kwao hata siku moja kwa miaka mitano. Mara nyingine ni bidii. Mara nyingine anaogopa mtu mwingine afungue daftari.

Sasa tuingie mjini Musoma, katika maduka, mahoteli na shule za watu binafsi. Tangu Julai 2020 mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi hautozwi kodi ya mapato. Basi mlinzi wa usiku alipwaye 150,000, akaambiwa sehemu imekwenda kwa kodi, ameibiwa kwa jina la Serikali. Mchango wa NSSF nao ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Wapo wakatao na wasipeleke. Mfanyakazi hugundua siku ameachishwa kazi, au mjane wake hugundua baada ya matanga. Twawaambia vijana: daini karatasi ya mshahara, kisha nendeni NSSF na namba zenu mkaulize michango iliyofika, na mwende mngali kazini.

Habari ya kodi yenyewe ina uchungu wa zamani. Mjerumani alileta kodi ya nyumba mwaka 1898, Mwingereza akaiendeleza, na watemi wetu walifanywa watoza kodi. Mtu aliyejificha porini siku ya kodi hakuwa mwizi. Alikuwa akimkwepa aliyemtawala bila kumwuliza. Hata baada ya Uhuru kodi ya kichwa ilibaki na desturi zake za kukimbizana, mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Lakini mwenye duka wa leo anayejificha nyuma ya mababu hao anatudanganya. Mnunuzi amekwisha kulipa kodi ya ongezeko la thamani ndani ya bei. Fedha hiyo si ya duka. Akikataa kuitoa katika mashine ya risiti, ambayo ilianza kutumika mwaka 2010, amemwibia yule yule mama aliyesimama mbele yake na mtoto mgongoni.

Na mama wa dagaa pale Mwigobero, yeye aandike. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ilisema hivi: mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka, kama hana kumbukumbu alipe 100,000, kama anazo, alipe asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Aliyeuza kwa milioni 5 na nusu na kuandika alitakiwa 45,000. Jirani yake aliyeuza vile vile bila daftari alitakiwa laki moja. Daftari ni bei gani dukani?

Twajua jibu atakalotoa. Atasema: naandika, lakini ofisa huja, hatazami daftari, hutazama rafu, hukadiria kwa macho, kisha huuliza tutaelewanaje. Hapo hatuna la kumtetea ofisa. Anayekadiria juu ili ahongwe chini ni kupe, na anaiba mara mbili, kwa mfanyabiashara na kwa hazina. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa malalamiko ya namna hiyo, mpaka Waziri Mkuu akaenda kuwasikiliza. Kabla ya hapo, mwaka 2017, Serikali iliidai kampuni ya dhahabu ya Acacia, iliyokuwa na mgodi hapa mkoani kwetu Tarime, dola kama bilioni 190. Mwisho ilikubaliwa Barrick ilipe dola milioni 300. Mkubwa hujadiliana kwa miaka. Mdogo hutiwa kufuli siku hiyo hiyo. Mwalimu, aliyezikwa Butiama mwaka 1999, aliyasema haya Mbeya katika Mei Mosi ya mwaka 1995: Serikali iliyoliwa na rushwa haiwezi kukusanya kodi, hubaki ikifukuzana na wadogo.

Kwa hiyo twauliza mambo mawili, na twataka yajibiwe mbele ya watu. Kila AMCOS katika Bunda, Butiama na Musoma itasoma lini hesabu zake za msimu uliopita, kwa sauti, katika mkutano wa wanachama wote? Na kila ofisa anayekadiria kodi ya duka, je, yu tayari kuandika sababu za kiasi alichokata, akatia sahihi, na kumwachia mwenye duka nakala?